Kiwanja cha Mawe

Mama Pasi hakuwahi kumchukia mdogo wake. Alichokuwa nacho ni kijicho, na kijicho chenyewe alikilea kama mtoto wa mwisho: alikibembeleza, alikilisha, na kila kilipotaka kusinzia alikiamsha.

Alikuwa mpiga pasi katika hoteli kubwa ya ufukweni, kwenye chumba cha chini kabisa ambako mvuke ulimtoa kila jioni kama aliyenyeshewa. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza, vyote vilipita mikononi mwake. Mshahara wake ulikuwa umeganda palepale miaka nenda rudi, huku kodi za vyumba kisiwani zikipanda ngazi mbili mbili.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alichagua mwenyewe. Baba yao alipofariki aliacha vipande viwili vya ardhi: shamba lenye udongo mweusi na kisima, na kiwanja cha pwani kilichojaa mawe, ambacho hata mbuzi asingekipenda. Yeye kama mkubwa alipewa nafasi ya kuchagua kwanza, akachukua shamba bila kupepesa macho. Mdogo wake akaambulia mawe, na Mama Pasi akamhurumia mpaka akamnunulia viatu vya kumtuliza. Baadaye mume wa Mama Pasi akaugua. Shamba likauzwa kwa ajili ya matibabu, na mume akaenda, na pesa zikaenda. Ndipo wageni wakaanza kumiminika kisiwani, na wote, kana kwamba wameambiana, wakataka kulala mahali wanapoiona bahari.

Sasa mdogo wake alikuwa na nyumba nyeupe ya ghorofa, yenye vyumba vya wageni na bwawa dogo la kuogelea. Mtaa mzima ulimwita Madamu. Mama Pasi akipita barabara ile aligeuza uso, lakini jicho lake halikuwa na adabu, liliiba tu. Liliona maua mapya. Liliona mapazia mapya.

"Nunua tu, mwaya," alinong'ona. "Nunua."

Siku moja mwenye nyumba wake alimgongea mlango, akasimama akichezea funguo.

"Mama, usinielewe vibaya. Mwanangu anataka kuweka kiyoyozi na choo cha ndani. Mgeni wa wiki moja analipa kuliko unavyolipa wewe kwa miezi."

"Na mimi niende wapi?"

"Aa, kisiwa kikubwa hiki."

Hakikuwa kikubwa. Mama Pasi alikizunguka chote kwa miguu, kila akitoka kazini. Kote alikobisha hodi waliuliza kwanza, "Kwa usiku au kwa wiki?" Akisema kwa mwezi, watu walimtazama kama aliyeomba kupanga msikiti. Chumba kimoja tu alikipata, nyuma ya gereji. Paa lake lilikuwa limetoboka, na bado bei yake ingeumeza mshahara wote na kuudai mwingine.

"Lakini wewe nawe," mpishi wa hotelini alimwambia, "una mdogo wako mwenye jumba zima, unahangaika nini?"

Maneno yale yalimchoma kuliko pasi. Hata hivyo siku alizopewa za kuhama zilikuwa zimekwisha. Alipiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta Madamu mapokezini, amevaa gauni la kitani, akitabasamu na simu. Alipomwona dada yake, tabasamu likamponyoka.

"Dada! Kulikoni?"

"Nimefukuzwa nyumba. Nipe kona, mdogo wangu. Mpaka nipate pengine."

Madamu alitazama chini. "Dada, yaani... pamejaa. Vyumba vyote vina watu."

Basi lile donge la miaka yote likapasuka.

"Pamejaa! Ghorofa nzima, pamejaa! Ungekuwa na kiwanja hiki kama nisingekuachia mimi? Wageni usiowajua hata majina wanalala kwenye ardhi ya baba yangu, mimi nilale wapi, barabarani?"

Mgeni mmoja aliyekuwa akinywa kahawa kando ya bwawa aligeuka. Madamu alimshika dada yake mkono, akamvuta kupita jikoni, kupita pampu ya maji, mpaka kwenye mlango wa bati nyuma ya nyumba. Akaufungua.

Ilikuwa stoo. Mitungi ya gesi, ndoo za rangi, viti vilivyovunjika. Katikati, godoro moja sakafuni, na juu yake sare za shule za watoto zimekunjwa. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia nguo za shemeji yake.

"Tunalala hapa," Madamu alisema kwa sauti ndogo. "Mimi na watoto. Baba yao analala kwenye benchi la mlinzi, maana mlinzi tulishindwa kumlipa. Lile bwawa ni mkopo. Chumba kimoja kikikosa mgeni, benki wananipigia simu. Tafadhali, usimwambie mtu."

Mama Pasi alisimama pale, na jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa furaha. Furaha tupu, tamu, ya aibu. Kumbe gauni la kitani linatoka stoo! Baadaye kidogo ndipo huruma ikafika, ikihema kama iliyochelewa gari.

"Nisogezee hizo ndoo," alisema. "Godoro langu litaenea."

Wakaishi hivyo, wamebanana kama vijiti vya kiberiti. Watoto walifurahi kumpata mama mkubwa anayejua hadithi. Lakini kijicho hakikuhama. Asubuhi Madamu alipotoka stoo amejipaka wanja, akapokelewa na wageni kwa salamu za heshima, Mama Pasi aliona wivu upya. Kulala sakafuni ni kulala sakafuni, lakini mwenzake alilala kwenye sakafu yake mwenyewe.

Mvua zilipoanza, wageni wakakauka. Madamu akampa chumba cha juu, chenye dirisha la baharini. Hoteli nayo ikampunguzia zamu, na mshahara ukakatwa nusu. Mama Pasi alilala kwenye kitanda kile kipana, akajikuta akiomba wageni wasirudi, na kwa pumzi hiyohiyo akiomba hoteli imwite kazini.

Hoteli ilimwita. Jioni ileile Madamu akapanda ngazi, akasimama mlangoni.

"Wamerudi?" Mama Pasi akauliza.

"Wanaingia kesho. Ukoo mzima. Nisamehe, dada."

"Unaniomba msamaha wa nini? Nyumba si yako?"

Madamu akajitupa kitandani. "Ningeiuza leo hii, lakini nikishalipa benki sibaki hata na nauli."

"Usiuze!" Mama Pasi aliropoka, haraka hata akajishangaa mwenyewe. "Ukiuza, mimi nitamwonea nani kijicho?"

Madamu akamtumbulia macho, kisha akaangua kicheko. Wakacheka wote wawili mpaka shemeji akaja kuchungulia kuna nini.

Mpaka leo Mama Pasi yuko stoo. Kijicho bado anacho, ila siku hizi anakisema waziwazi, wakiwa wanakula, na mdogo wake humsogezea sahani na kumwambia ale kwanza.