Kopo la Maji la Mama Wivine

Saa mbili asubuhi, Katuba, Lubumbashi. Mama Wivine amekataa kiti. Amesimama mlangoni kwa Cathy, mama wa watoto watatu, dodoso mkononi, mguu mmoja ukigongagonga sakafu kama wa mtu anayeachwa na gari.

"Mama, jana mulitia dawa mu mayi ya kunywa?"

"Njo, mama, tulitia," Cathy anajibu bila kupepesa jicho.

Wivine anaandika: ndiyo. Kisha anafunga kalamu na kuomba maji. Kopo linaletwa. Analinyanyua, na kabla halijafika mdomoni, Cathy anamnyang'anya.

"Ngojea kwanza, mama! Usikunywe. Ile hatukutia."

Wivine anacheka, ila si kicheko cha raha.

Ana miaka 49. Kazi yake ni kuwahoji watu kwa niaba ya watafiti wa saikolojia wanaotaka kujua ni maneno gani yanamfanya mtu atie dawa kwenye maji ili kuepuka kipindupindu: ya kumtisha, au ya kumwambia kwamba majirani zake wanatia. Kila nyumba ilisomewa karatasi moja kati ya hizo mbili. Baada ya wiki, Wivine anapita kuuliza. Analipwa kwa kila dodoso lililojazwa, na malipo hayo ndiyo yanayomlisha yeye na binti yake, Myriam.

Tatizo ni hilo neno njo. Katika nyumba 120 alizopita, 109 zilisema ndiyo. Kopo amenyang'anywa mara 58.

"Bantu banajibiaka njo juu ya heshima," anasema. "Mugeni amekuja, utamukatalia? Lakini karatasi haikunywake mayi. Mimi njo nakunywa."

Kinachomchoma roho ni kingine. "Mimi mugeni, bananihurumia. Batoto babo, je?"

Kuomba maji, hata hivyo, hakumo kwenye dodoso. Msimamizi wake, Rigobert, alimwonya mara mbili: ukiongeza hata neno moja, umeharibu utafiti. Alhamisi iliyopita akamfuata nyumbani, safari hii na barua ya kumwachisha kazi.

Wivine alimkaribisha, akamletea maji. Rigobert, nusu kwa kejeli, akauliza: "Na hapa, Mama Wivine, mulitia dawa?"

"Njo, chef."

Rigobert akanyanyua kopo. Mkono wa Wivine ukaruka wenyewe, ukalinyakua.

"Nilisikia aibu mpaka mu miguu," anakiri. "Siku tatu niko nazunguka mu manyumba ya bantu, dawa, dawa, na kwangu zéro. Na Myriam alikuwa amekunywa ile mayi asubuhi."

Rigobert hakucheka. Aliirudisha barua mfukoni. Ameupeleka mtindo wa kopo kwa watafiti. Jibu ni Jumatatu. Wakikubali, litaingia kwenye dodoso. Wakikataa, barua itatoka tena mfukoni.

Wivine si mtu wa kusubiri. Tayari ameshapanga namna ya kuzirudia nyumba zote 120 aombe maji tena, na hofu ya Jumatatu anaitembeza mtaani humohumo, nyumba hadi nyumba. Nyumbani, Myriam amekabidhiwa chupa ya dawa, na kila asubuhi lazima aitie majini mama yake akiona.

"Bakikubali, baanze na nyumba yangu," anasema, akiwa ameshageukia mlango wa jirani. "Baandike vile ilikuwa: mama ya enquête, mwenye kuuliza bantu, alisema njo, na alidanganya."