Upepo Nyuma ya Gurudumu

Ukitaka kumuudhi Mzee Baridi, mpeleke kukagua lori ambalo injini yake imeshawashwa. Hatakuuliza bei wala mwaka. Ataweka kiganja juu ya injini, na akikuta joto, anachukua kofia yake, huyoo, anaondoka. "Mgonjwa mmeshampa dawa," atakwambia, "mnaniita mimi nipime nini?" Maana lori bovu likishapata moto hujifanya zima. Vituko vyake utaviona asubuhi, likiwa limelala usiku kucha. Madalali wa malori yaliyotumika ndio waliompa jina hilo la Baridi, na wengine wakimwona tu anaingia getini walinuna.

Ujana wake wote uliishia chini ya malori, katika gereji ya kampuni moja ya usafirishaji. Alipostaafu, watu wakaanza kumfuata nyumbani awakagulie kabla hawajanunua. Mtu akisema "Baridi kapitisha," basi, mazungumzo yameisha. Mkewe alishafariki, nyumba ilikuwa chumba na sebule, na redio iliyotulia juu ya kabati. Kitu cha kujivunia alikuwa nacho kimoja tu, nacho ni hilo jina.

Sasa jamani, masikio yakamsaliti. Kelele za injini, nyundo na mashine za upepo zilikuwa zimeyala polepole, kidogo kidogo. Mwanzo alidhani ni mtandao wa simu, akawa anawagombeza watu bure. Kisha akaona watu wa siku hizi hawana adabu, wanaongea kwa kunong'ona. Mwisho akaelewa, na alipoelewa akaogopa sana. Fundi asiyesikia injini, nani atamwita? Akajifunza kutazama midomo. Wengine wakicheka, naye anacheka. Asipopata neno, anatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo hivyo hivyo." Injini akawa anaipima kwa kiganja na kwa kutazama moshi, na mambo yakaenda. Alijidanganya vizuri tu, maskini.

Ndipo mkwe wake akaja. Huyu alikuwa mume wa binti yake wa pekee, dereva aliyechoka kuendesha malori ya watu. Mke alikuwa ameuza vyerehani vyake, mume ameuza kiwanja, wanataka lori lao wenyewe. "Baba, bila wewe sinunui hata tairi," mkwe alisema, kichwa ameinamisha. Alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Mbele ya baba mkwe hata kiti hakikalii mpaka aambiwe.

Mzee angeweza kusingizia mgongo. Lakini ni huyu mkwe ambaye angeteremka milima na shehena, na binti akiwa kiti cha pembeni, maana ndiye angesimamia biashara. Amwachie fundi gani mwingine? Akasema twendeni, lakini moyoni hakuwa na amani.

Yadi ilikuwa ya changarawe, malori yamejipanga na rangi zake mpya. Dalali, mtu mnene mwenye funguo tele kiunoni, akawapokea Mzee, mkwe na binti kwa mikono miwili. Injini ilikuwa baridi, hilo lilimfurahisha Mzee. Akatandika kipande cha boksi, akajiingiza uvunguni. Macho bado yalikuwa mazima. Alipitisha kidole kwenye chasi yote kutafuta ufa, au mahali palipochomelewa pakafichwa kwa rangi. Akatazama tairi kama zimelika upande mmoja, akakagua springi, akashika propela, lile bomba linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na kuitikisa. Akatoka, akachomoa kijiti cha oili, akainusa na kuisugua kati ya vidole. Akachungulia rejeta kama kuna mafuta yanaelea juu ya maji. "Washa," akaamuru. Moshi ukatoka mweusi kidogo, ukatulia. Kiganja kikamwambia injini haina tatizo. Akaanza kujiona yule yule wa zamani, hata akamtania dalali kwamba leo kakosea, kaleta lori zima.

Zikabaki breki. Breki za upepo hazina siri: unajaza upepo mpaka utoshe, unazima injini, mtu anakanyaga pedali, wewe unapita gurudumu moja moja unasikiliza. Panapovuja utasikia fyuuu. Ukipenda unatazama saa ya upepo kwenye dashibodi kama mshale unashuka. Mzee akapanda kutazama saa hiyo, akakuta mshale umelala chini kabisa.

"Saa tu imekufa, mzee wangu," dalali akasema, akipunga mkono. "Waya huo. Upepo upo tele."

Kulikuwa na njia nyingine, povu la sabuni. Unapaka kwenye mabomba na viungo, panapovuja panatoa mapovu, hata asiyejua kazi anaona. Tatizo ni kwamba Mzee Baridi aliwacheka mafundi wa povu maisha yake yote. "Wewe unakagua lori au unalifulia?" Leo aombe sabuni, dalali anamtazama, mkwe anamtazama? Akamwambia binti apande, azime injini, akanyage breki.

Akapita akiinama gurudumu moja moja, mkwe nyuma yake. Kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia alijaribu kupitisha mkono nyuma ya chemba ya breki, lile kopo la chuma linaloingia upepo, aone kama utapulizwa. Mkono haukufika. Akatega sikio. Kimya. Kimya kile kile cha kila siku. Alipoinua macho akamwona mkwe amekunja uso, shingo ameipinda kuelekea gurudumu. Dalali alikuwa anahesabu funguo zake.

"Vipi, Baba?" Midomo ya mkwe aliisoma vizuri.

Hapo ndipo pa kusema, na alijua ndipo hapo.

"Safi," akajibu. "Hakuna kinachovuja. Chukueni."

Mkwe akalitazama gurudumu tena, akamtazama yeye, akainamisha kichwa. "Sawa, Baba."

Wakaingia ofisini kuandikishana. Mzee akabaki nje kwenye benchi. Akajiambia labda mkwe alikuwa anatazama tope tu. Akajiambia yule ni dereva, si fundi, anajua nini. Hakuamini hata neno moja la hayo.

Lori likawashwa. Binti, ameketi pembeni ya mumewe, akachungulia dirishani, anacheka kwa furaha, akamuuliza baba yake kitu. "Ndiyo hivyo hivyo, mwanangu!" Mzee akamjibu. Akaona kicheko kinakatika usoni mwa binti, akaona anamgeukia mumewe. Na lori linakwenda getini, na nje ya geti barabara inateremka.

Mzee akakimbia. Kofia ikaanguka, hakujali. Akalikatiza lori kwa mbele, mikono juu. "Simama! Zima! Mimi ni kiziwi!" Hakujua anapiga kelele kiasi gani, ila yadi nzima iligeuka. "Sisikii! Sikusikia kitu kwenye hili lori! Leteni sabuni!"

Sabuni ikaletwa kwenye kopo. Alipaka mwenyewe, kwa kijiti kirefu mpaka nyuma ya ile chemba. Mapovu yakafura kama uji unaochemka. Dalali akainua mikono, akamnyooshea Mzee kidole, kisha akazigongagonga karatasi zilizokwisha kusainiwa. Hilo halikuhitaji masikio: si umepitisha wewe mwenyewe, mbele ya watu?

Mkwe akashuka. Akazungumza, maneno mengi, macho chini, midomo imejificha. Mzee akatafuta hata neno moja, akakosa.

"Anasemaje?" akamuuliza binti. "Ananilaani? Sema tu."

Binti alikuwa analia. Akamshika baba yake kichwa, akaweka mdomo sikioni, akapaza sauti kila mtu akasikia. "Anasema aliusikia upepo, Baba! Aliusikia ukivuja tangu pale pale! Lakini wewe umeshasema safi, angekubishia vipi?"

Mzee akaketi chini kwenye changarawe, kopo la sabuni mkononi. Mkwe akabaki amesimama mbele yake, kichwa ameinamisha, anasubiri aambiwe la kufanya.