Siku Flashi Yangu Ilipoweka Pingamizi Kanisani

Naomba niseme mwenyewe, kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine akaliongeza chumvi: mimi ndiye yule mpiga picha aliyesimamisha harusi ya dada yake kanisani Nyacheki, mchana kweupe, mbele ya wazazi wake, na sikuwa nimekunywa kitu chochote isipokuwa chai ya maziwa.

Ilianza na mvua. Nina studio ndogo pale Keumbu, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na mwanzoni nilikuwa napiga picha kwa mwanga wa dirisha tu, jambo ambalo asubuhi ni zuri sana, lakini mnajua kwetu, saa nane ikifika wingu linashuka, mvua inaanza kupiga mabati, na uso wa mteja unageuka rangi ya majivu hata kama alikuja akiwa amejipaka mafuta vizuri. Nikaamua liwe liwalo, nanunua taa za studio. Nikaenda Kisii mjini, nikaingia katika duka moja la vifaa vya kamera, na kijana wa pale akanionyesha kwanza zile flashi kubwa za kuchomeka kwenye stima, zenye vitambaa vyeupe kama mito mikubwa, nikazipenda mpaka nikasikia bei, nikaacha kuzipenda.

"Basi chukua hizi ndogo," akaniambia. "Zinatumia betri za kawaida. Flashi mbili, stendi mbili, miavuli miwili ya kulainisha mwanga, na triga zake."

Triga ni vidude vya redio. Kimoja unakipachika juu ya kamera, vingine viwili unavivalisha flashi kule mbali, na ukibonyeza kamera, cha juu kinaviambia vya kule "wakeni," navyo vinawasha flashi saa ileile bila waya wowote. Niliona kama muujiza. Kijana akanionyesha pembeni mwa kila triga vijiswichi vidogo kama punje za mtama.

"Hizi ni za chaneli. Kutoka kiwandani zote ziko kwa moja. Ukifika nyumbani badilisha, ila vyote vitatu vifanane."

"Nibadilishe kwa nini na inafanya kazi?"

"Mwingine akiwa karibu na triga kama hizi, mtaingiliana."

Nikacheka. (Nilicheka, jamani, ndiyo sababu nawasimulia.) Nikamuuliza ni nani mwingine katika milima hii yote angekuwa na kidude kama changu, naye akafunga mfuko akasema tu, "Hizi zinatoka sana, madam." Mtu mwenye akili angejiuliza zinatoka kwenda wapi. Mimi niliona vile vijiswichi vinahitaji kucha ndefu au sindano, nikaviacha vilivyo, nikapanda gari nikarudi Keumbu nikiimba.

Siku za kwanza nilijifunza kwa kuumiza watu. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mpole aliyetaka picha ya pasipoti, na mimi nikaweka kasi ya kamera juu sana, bila kujua kwamba ukienda kasi kuliko flashi, pazia la ndani ya kamera linaanza kufunga kabla mwanga haujaisha, kwa hivyo nusu ya picha inatoka safi na nusu nyingine nyeusi tititi. Mwalimu aliitazama kwa muda akasema, "Kemunto, na hii pasipoti ni ya kwenda wapi?" Nikapunguza kasi, nikarudia, akapendeza. Polepole nikajua kuweka flashi moja karibu na mwavuli wake, ya pili mbali kidogo na nguvu yake nikiishusha, ili uso uwe na upande wa mwanga na upande wa kivuli laini. Watu wakaanza kuniambia wanaonekana vizuri kuliko kwenye kioo.

Sasa, mama yangu. Mama ni shemasi wa kanisa letu la Kisabato pale Nyacheki, na tangu niache kazi ya ukarani alikuwa akiwaambia wenzake wakichuma chai kwamba kupiga picha si kazi, ni uvivu wenye kamera. Lakini Moraa, binti ya baba mdogo, ambaye kwetu ni dada kabisa, alipochumbiwa na Nyakundi wa kule Nyamira, mama mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye kikao cha harusi akasema, "Picha atapiga Kemunto." Hakunitazama aliposema, wala mimi sikumtazama, ila usiku ule nililala nikitabasamu. Mjue basi nilikwenda kanisani Jumapili ile ya harusi nikiwa nimebeba nini.

Nilifika mapema, nikasimamisha stendi mbili mbele, moja kila upande nyuma ya mimbari, nikafungua miavuli, nikajaribu, pwaa, pwaa, zote zikawaka. Mchungaji alikuja akaniambia kwa upole kwamba wakati wa maombi na wakati wa neno hakuna picha, na kwamba ibada ikianza hakuna mtu wa kupita mbele kule nyuma ya mimbari. Nikasema sawa, mchungaji. Moraa akaingia, na nawaambia, nilipoona kwenye kioo cha kamera ile shela yake imeshika mwanga kama ukungu wa asubuhi juu ya majani ya chai, nilitaka kulia. Nilisema moyoni, leo mama ataona.

Tukainama kuomba. Kamera ilikuwa inaning'inia kifuani, mikono nimeifumbata. Pwaa. Flashi zote mbili.

Macho yote yakafunguka. Mama, kutoka benchi la mashemasi, alinitazama kwa lile jicho ambalo mtoto wa Kigusii analijua tangu anyonye, jicho la chinsoni, yaani aibu na heshima vimefungwa kitita kimoja. Nikadhani nimegusa kitufe bila kujua. Nikaisogeza kamera mbali na vidole. Neno likaanza. Mchungaji akasema upendo huvumilia, pwaa. Akasema hauhesabu mabaya, pwaa, pwaa. Akanitazama.

"Binti yangu, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, mchungaji."

Nikaizima kamera kabisa. Nikaiweka kwenye benchi, nikasogea mbali nayo kama mtu anayemkimbia nyuki, nikasimama peke yangu kando ya ukuta ambapo kila mtu angeweza kuona sina kitu. Ningetaka kwenda kuzima flashi zenyewe, lakini zilikuwa kule nyuma ya mimbari alikokataza watu kupita, na makosa yangu yalikuwa yameshatosha. Nikaanza kuomba kimyakimya, nikimwambia Mungu aziue betri.

Ndipo tukafika pale. Mchungaji akawasimamisha Moraa na Nyakundi, akafunga kitabu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kama kuna mtu yeyote ndani ya nyumba hii mwenye pingamizi, aseme sasa au anyamaze milele. Kanisa likatulia mpaka ukasikia kuku nje.

Pwaa.

Kanisa zima likageuka kunitazama. Na mimi, kwa haraka ya kuwaonyesha kwamba sijagusa kitu, kwamba mikono yangu mitupu, nikafanya kile kitu. Nikanyoosha mikono yote miwili juu.

Mlio niliousikia sijawahi kuusikia tena, watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Nyakundi aligeuka rangi. Moraa akafunua shela yake mwenyewe kuniangalia vizuri.

"Naona kuna mkono," mchungaji akasema taratibu. "Naona hata ni miwili. Dada, una pingamizi?"

"Hapana, mchungaji. Ni flashi."

"Flashi ndiyo ina pingamizi?"

Na flashi, haki ya nani, ikajibu. Pwaa.

Upande wa bibi harusi, ambao wananijua, kuna aliyeanza kukohoa kicheko. Lakini upande wa Nyamira hakuna aliyenijua. Shangazi yake Nyakundi, mwanamke mkubwa mwenye kitambaa cha zambarau, akainuka polepole akauliza, "Huyu msichana ni nani? Nyakundi, unamjua huyu?" Nyakundi akasema hanijui, na alivyosema kwa kigugumizi kile, hata mimi nisingemwamini. Minong'ono ikaanza kupita benchi hadi benchi, nikaona wazi kwamba ikifika benchi la nyuma nitakuwa nimeshapewa hata mtoto.

Hapo mama akasimama. Nilifumba macho, nikangoja anikane.

"Mimi ni shemasi wa kanisa hili," akasema. "Huyu ni binti yangu, Kemunto. Hamjui huyo kijana wenu. Hana mchumba wa Nyamira, hana wa Kisii, hana hata wa simu. Nami nimeomba juu ya jambo hilo, kanisa hili ni shahidi."

"Amina," wakaitikia akina mama wa nyuma, kwa moyo wote. Sijui kama mmewahi kuokolewa na kuzamishwa kwa sentensi moja.

Nikashusha mikono. Na kabla mchungaji hajaendelea, mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akaingia amemshika mkono kijana mwenye kamera shingoni, akasema, "Mchungaji, nadhani shida ni huyu. Yuko hapa nje ukutani anapiga picha wageni waliochelewa, na kila akipiga, nyinyi mnawaka huku ndani."

Kijana alikuwa anaitwa Onchari, mpiga picha kutoka Nyamira, ameletwa na familia ya Nyakundi bila mtu kuniambia, na alikuwa ameweka studio yake chini ya hema, hatua chache tu nyuma ya ukuta wa kanisa. Juu ya kamera yake nikaona kidude kilekile. Rangi ileile, vijiswichi vilevile, havijaguswa.

"Uko chaneli gani?" nikamuuliza, mbele ya watu wote.

"Chaneli ni nini?" akaniuliza.

Mchungaji akataka kuona kwa macho yake. Onchari akainua kamera akapiga dari, na flashi zangu mbele zikawaka. Nami nikaichukua yangu kwenye benchi, nikaiwasha, nikabonyeza, na kutoka nje tukasikia bibi mmoja akilalamika kwa Ekegusii kwamba sasa yatosha, alikuwa amesinzia karibu na taa ya kule hemani na tangu asubuhi inamwamsha bila mtu kuwepo. Kanisa likaangua kicheko. Hata yule shangazi wa zambarau alikaa chini akajipepea na kadi ya harusi, mabega yanatikisika.

"Basi," mchungaji akasema alipopata sauti, "kama vitu viwili visivyojuana vinaitikiana hivi kupitia ukuta, sisi tulioitwa kwa majina tunakataaje kuitikiana? Wapiga picha, zimeni vitu vyenu. Hakuna pingamizi. Na nyinyi wawili, baadaye mje ofisini, huenda kuna harusi nyingine hapa."

(Onchari ana mke, na mkewe alikuwa amekaa benchi la tatu. Mzaha ule ulimpa kazi ya kujieleza njia nzima ya kurudi Nyamira.)

Sikuzima papo hapo, nakiri. Moraa alikuwa anacheka kichwa kimeenda nyuma, shela imeteleza begani, Nyakundi ameshika magoti kwa kicheko na kwa nafuu, na mchungaji kati yao anajifuta machozi kwa leso, na mimi sikufikiri, nilibonyeza mara moja tu. Halafu nikapewa ruhusa ya kupita nyuma ya mimbari, nikiinama, nikazima kila kitu.

Jioni ile wakati watu wanakula, mimi na Onchari tulikaa chini ya hema na pini ya nywele ya Moraa, tukichokoa vijiswichi. Yeye akachukua chaneli namba tatu, mimi nikachukua namba saba, tukaapa kwamba mmoja wetu akimwona mwenzake kwenye shughuli, salamu ya kwanza haitakuwa habari ya nyumbani bali "uko ngapi?" Hadi leo tunasalimiana hivyo, na watu wakitusikia wanadhani tunauliziana umri.

Nilipompelekea mama picha, alizipitia moja moja mezani, akafika kwa ile ya kicheko, akaitenga na zile nyingine. Akasema, "Hii niachie." Nikamwambia haikupangwa, mwanga umekuja vibaya upande mmoja. Akasema, "Sijauliza mwanga." Kisha akaenda kuchemsha chai, na nikasikia akiwa jikoni anacheka peke yake.

Tangu hapo hakuna anayeniita Kemunto tena kuanzia Keumbu mpaka Nyacheki. Simu ikilia, mtu hajui hata jina langu, anauliza tu, "Hapo ni kwa Pingamizi? Tuna harusi." Nami nasema ndiyo, ni hapa. Naulizia siku, naulizia kanisa, na kabla sijakubali naulizia kama kuna mpiga picha mwingine upande wa pili. Na ninyi mnaoanza, nunueni za bei nafuu bila aibu, zinapiga vizuri. Lakini kabla hamjatoka nyumbani, tafuteni pini.