Tairi la Nyuma Kushoto

Tairi lile niligundua mimi, tena kwa vidole. Tulikuwa tumerudi kutoka Mwese na gari limejaa tope, nikawa nalibandua uani. Nilipopitisha mkono nyuma ya tairi la nyuma upande wa kushoto, kitu kikanichoma. Nikainama. Upande wa nje tairi lilikuwa bado na meno yake. Upande wa ndani, ambao huwezi kuuona ukiwa umesimama, lilikuwa limelika mpaka nyuzi za chuma zimetokeza.

Nilimwita mume wangu. Alikuwa amestaafu udereva. Miaka yake yote ya kazi aliendesha magari ya serikali katika barabara hizi za Katavi, kiangazi na masika, na watu wa Mpanda walimjua kwa kutowahi kumgonga hata kuku. Yeye ni Mbende wa milima ya Mwese. Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe nikiwa bado nabebwa mgongoni, na baadaye nikawa mwalimu wa shule ya msingi Magamba. Gari letu la juu, la milango mitano, tulilinunua hasa kwa ajili ya kwenda kwao, kwa mama yake, maana barabara ya Mwese haitaki gari la chini.

Alipapasa tairi lile muda mrefu.

"Gari linakula tairi," alisema. "Tutajua kwa nini."

Hakukimbilia gereji. Alipima upepo kwanza, akaukuta uko sawa. Akalifunga tairi lile bovu kulia, na la kulia akalileta kushoto, tukawa tunatembelea mjini tu, polepole. Baada ya wiki kadhaa akaniita nitazame. Tairi bovu lilikuwa limetulia. Lile zima, lililohamia kushoto, lilikuwa limeanza kulika ndani.

"Umeona, Mama? Tairi halina kosa. Kosa lipo pale linapokaa."

Kisha akachukua kamba ya manila. Mimi nilishika ncha moja mbele, yeye akaivuta ubavuni mwa gari mpaka nyuma, usawa wa katikati ya magurudumu. Upande wa kulia kamba iligusa tairi la nyuma kote kuwili. Upande wa kushoto iligusa ukingo wa mbele peke yake. Kwenye ukingo wa nyuma kidole chake kilipita. Akanieleza kwamba gurudumu lile limetazama nje, kama mguu wa bata, kwa hiyo haliviringiki vizuri, linaburuzwa. Alikuwa na furaha siku ile. Tangu astaafu nilikuwa sijamwona akieleza jambo kwa mikono yote miwili.

Fundi wetu ana gereji kwenye barabara ya kwenda Magamba. Aliingia chini ya gari na kutoka na jibu lile lile. Gurudumu la nyuma linashikwa na mikono ya chuma, na mmojawapo ulikuwa umepinda.

"Huu umegongwa, mzee," alisema.

"Barabara ya Mwese hiyo," mume wangu akajibu, na wote tukaona ni kweli. Mkono mwingine ukaagizwa Mbeya, ukafungwa, tairi jipya likawekwa.

Masika yakapita. Tulikwenda Mwese, tukaenda Kibaoni kuchukua mpunga, tukaenda Mwese tena. Kiangazi kilipoanza, yeye mwenyewe ndiye aliyeingiza mkono nyuma ya tairi. Lilikuwa limelika tena. Nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye gurudumu, kama mtu anayengoja apewe habari.

Safari hii fundi alipotoka chini ya gari alimwita mume wangu. Alimwonyesha rimu ya kushoto, ukingo wake umekwaruzwa na mawe. Akamwonyesha na bodi chini ya mlango, ilivyochubuka. Vyote upande ule mmoja.

"Mzee, samahani nikuulize. Gari hili analiendesha nani mwingine?"

"Mimi peke yangu."

Fundi akainamisha kichwa, akaanza kufuta spana zake. Nilikuwa nimesimama karibu, na mambo madogo yakaanza kunijia: bakuli la mboga alilolisukuma likaanguka kutoka mezani, jirani aliyemsalimia kutoka kushoto naye asiitikie, kalavati la kule mlimani ambamo gurudumu la nyuma lilidumbukia na yeye akasema barabara imekatwa na maji. Pale hapakuwa mahali pa kuyasema.

Nyumbani aliegesha gari uani lakini hakushuka.

"Mama, njoo unisaidie. Nenda nyuma ya gari, halafu tembea upande wa kushoto kuja mbele. Polepole. Usiseme kitu."

Alitazama mbele, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Nilitembea. Nilipofika usawa wa kioo cha pembeni akasema, "Nimekuona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Rudi nyuma. Sasa tubadilishe."

Akaziba jicho la kulia. Nikatembea tena. Nikapita mlango, nikapita kioo, nikafika kwenye taa. Nikazunguka mbele, nikaweka mkono juu ya boneti, joto la injini likiwa bado lipo.

"Umeshaanza?" akauliza.

"Nipo hapa, Baba."

"Hapa wapi?"

Ikabidi niseme. Alikaa vile, kiganja kimeziba jicho lake zima, akinitazama bila kuniona. Kisha akashuka, akanikabidhi ufunguo, akaingia ndani kulala ingawa jua lilikuwa bado juu.

Daktari wa macho hapa Mpanda alikuwa mwanamke mpole. Alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula kutoka pembeni taratibu, na mtu hajui mpaka imefika katikati. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki. Jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza kuguswa. Alipoulizwa kuhusu kuendesha gari, hakuzunguka.

"Hapana, mzee wangu. Mimi nisingekuruhusu."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Ndipo daktari akaongeza kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na ndugu zake wa damu wapimwe.

Hilo ndilo lililomwinua kitandani. Alifika Mwese kwa bodaboda, mimi nyuma yake kwa nyingine. Nilimwona njia nzima ameshikilia koti la kijana asiyemjua, yeye aliyekuwa akibeba watu. Mama yake alikuwa ameketi barazani akichambua maharage. Alipouliza gari liko wapi, mwanawe alimweleza yote kwa Kibende. Bibi aliweka ungo chini.

Alisema marehemu mume wake naye uzeeni alikuwa akigonga milango na kukanyaga vifaranga. Watu walimcheka, na yeye mkewe akawa anamfichia pombe.

"Tulidhani ni pombe," alirudia kwa Kiswahili, akinitazama mimi. "Alifariki akisema hajanywa."

Mume wangu alimshika mkono. Kisha akawaita wadogo zake wote, wakaja. "Nyie wote mtashuka Mpanda," aliwaambia. "Msingoje kuona giza. Hili halionyeshi giza."

Walishuka mmoja mmoja baada ya mavuno. Dada yake mdogo ndiye aliyekutwa na ugonjwa, ungali mchanga, macho yote mawili yakiwa bado mazima. Alihamia kwetu kwa muda. Asubuhi ninawalaza chali kwenye mkeka mmoja na kuwadondoshea matone, kaka kwanza, halafu dada, nao wanabaki wamefumba macho, wakizungumza habari za mahindi.