Daktari Aliyengoja Jua

Kwa muda mrefu mama alikuwa akimsalimia marehemu. Kila tulipofika kliniki ya macho, kule Uccle, Brussels, alisimama ukumbini mbele ya picha kubwa iliyochorwa kwa rangi za mafuta, akainamisha kichwa na kusema, "Bonjour, papa docteur." Kwetu Bukavu hupiti mbele ya mtu mzima ukaenda zako hivi hivi. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo alichoona ni ndevu nyeupe na koti jeusi ndani ya ukungu. Mimi nilikuwa nahangaika na kitambulisho chake kule mapokezi, nikadhani anasalimiana na mgonjwa mwenzake.

Siku moja, tukiwa kwenye tramu ya kurudi nyumbani Schaerbeek, akafungua moyo.

"Ule papa haitikaka," alisema. "Anajiona sana. Lakini ni yeye nataka anipasue. Si ule musichana."

Msichana huyo ndiye aliyekuwa daktari wake, binti mpole mwenye raba miguuni. Mama alikuwa amemkataa katakata. Zamani mjomba wangu alipasuliwa jicho na daktari kijana aliyemwambia atulie tu, atapona, na tangu siku ile hakuona tena. Lakini binti huyu alikuwa ametuonya kwamba tukizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu. Nyumbani mama alishaanza kumimina chai pembeni ya kikombe, na mimi alinitambua kwa harufu ya mafuta ya nywele. Niliogopa, na hofu yangu siku zote hutoka ikiwa hasira. Nikamwambia kwa ukali, watu wakisikia, kwamba yule ni picha, na mwenye picha alikufa kabla hata bibi yake mama hajazaliwa.

Nilijuta, lakini mama si mtu wa kununa. Tuliporudi kliniki alinivuta mpaka kwenye picha, akaniomba nimsomee maandishi ya chini. Alisema kama amekufa, basi tujue alikufa akiwa nani.

Nikasoma Kifaransa kimoyomoyo, nikamwambia kwa Kiswahili. Mama yake daktari alikuwa mfuma lesi, akafuma kwa mwanga wa mshumaa mpaka macho yakamwishia, na ndiyo sababu mtoto akasomea macho. Alianza kwa kutibu askari waliokuwa wakiambukizana ugonjwa wa macho kambini, kisha akafungua chumba cha maskini mjini, upande wa bondeni. Taa za maana hazikuwepo, kwa hiyo alipasua dirishani, siku ya jua tu. Mvua ya Brussels tunaijua. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi wakingoja mawingu yafunguke, naye akakaa nao. Kila mmoja alimwambia ukweli kabla ya kumgusa: jicho hili linaweza kurudi, na linaweza kupotea.

Mama akauliza kama daktari mwenyewe aliona mpaka mwisho. Nilitamani kuruka mstari huo, lakini nikausoma. Uzeeni alipata mtoto wa jicho. Akakaa kwenye kiti kilekile cha dirishani, akampa kisu mwanafunzi wake mdogo kuliko wote. Jicho moja likarudi. La pili halikurudi.

Mama aliipapasa fremu. Tulipoingia kwa daktari, aliniagiza nimuulize binti yule kama jicho linaweza kupotea. Binti aliweka kalamu chini. Akajibu kwamba ni mara chache sana, lakini ndiyo, linaweza.

"Bon," mama alisema. "Huyu ananiambia kweli. Anikate."

Siku ya upasuaji ilinyesha tangu asubuhi. Mama, wasiwasi umemjaa, akaniuliza, na jua je? Nikamwambia siku hizi wana taa. Hata hivyo aliomba kukaa dirishani, akafumba macho, na nikiwa nimeushika mkono wake nikahisi hatuko peke yetu pale. Wafuma lesi wa zamani zile walikuwa wamekaa kando yetu, na askari, viatu vimelowa, wote wametazama juu. Walipokuja kumwita sikutaka kuuachia ule mkono.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Ukumbini alimsalimia papa docteur, akamtazama sana, akasema kumbe ni kizee kidogo hivi. Halafu akanigeukia mimi. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, kama alivyokuwa akifanya asubuhi kabla ya kunipeleka shule.

"Hizi imvi ni za lini?" aliuliza.

"Za zamani, mama."

"Na wewe ulikuwa unanyamaza."

Akaanza kulia. Daktari alikuwa amemkataza kusugua jicho, kwa hiyo nikamshika mikono yote miwili, na machozi yakashuka yenyewe, huku akiendelea kunitazama.