Tunda Tulilozika Badala ya Opio

Rafiki yangu Opio tulimzika mwaka wa sabini na tatu. Mwaka wa sabini na sita akaniita tukavue samaki.

Usicheke. Kaa hapo usikie.

Jana nilishuka tena kwenye kijito chetu, kule chini ya Nakawa. Nikatupa ndoana, nikamkumbuka mpaka machozi yakanitoka. Nimeona nisife na habari hii tumboni.

Naitwa Mugisho. Nilikimbia vita Bukavu nikaishia kushona viatu Nakivubo. Opio alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na kwa uongo wa samaki hakuwa na mpinzani. Yeye hakujua lugha yangu wala mimi yake. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, Kiswahili na kambare.

Tulikuwa na desturi yetu. Anayetangulia kufika anafunga mafunjo mawili pamoja pale njia inapoingia kijitoni, vichwa vikitazama maji. Maana yake nipo, njoo. Akiondoka anafungua. Fundo la Opio ungelijua tu, lilizungukia kushoto.

Siku moja watu wa miwani myeusi, wapelelezi wa serikali, walimchukua mchana kweupe, mbele ya kibanda changu. Wakamtia kwenye buti la gari kama mbuzi wa sikukuu. Miaka ile watu wa kaskazini walikuwa wakiisha hivyo, na aliyeuliza alifuata.

Mkewe Akidi alizunguka kila kambi ya jeshi mwezi mzima. Hakupata hata kofia.

Sasa, kwao mtu akipotea kabisa, huzikwa tunda la mvungunya badala ya mwili. Ni tunda refu, na likiwa bichi ni zito kama jiwe. Likishafukiwa, basi, huyo ni marehemu. Mkewe anaweza kurithiwa, na hata huyo aliyezikwa akirudi kwa miguu yake mwenyewe, hana nyumba.

Odur, mdogo wake Opio, dereva wa lori, ndiye aliyeleta tunda.

"Mimi nalikata leo asubuhi," akasema huku analia.

Nilishika upande mmoja wa jeneza tulimolitia. Likanyanyuka kama kapu tupu. Nikajiambia ni huzuni inanitia nguvu.

Odur akamrithi Akidi. Mimi nikarudi kwenye viatu vyangu, na kijitoni nikawa naenda peke yangu.

Miaka mitatu ikapita. Jumapili moja alasiri nafika pale njiani, nakuta mafunjo mawili yamefungwa. Mabichi. Fundo limezungukia kushoto.

Nywele zilinisimama, bwana wee.

Nikaingia polepole. Kwenye jiwe letu ameketi mtu mifupa mitupu, meno ya mbele hana.

"Opio, ni weye?"

"Sasa nani? Mimi iko. Leta sigara kwanza."

Nililia mpaka kamasi. Alikuwa ametoroka shamba moja walikokuwa wakilimishwa wafungwa. Akavuta ile sigara, kisha akauliza nyumbani wanasemaje.

Ilibidi nimwambie. Opio, tulikuzika.

Akaizima sigara jiweni. Halafu akacheka na ule mdomo wake mtupu.

"Tunda ilikuwa kubwa?"

Alikuwa na ombi moja tu. Odur alikuwa akivusha kahawa ya magendo pale mpakani Malaba. Amfunike kwa magunia avuke Kenya.

"Bibi akae na Odur tu," akasema. "Mimi sina neno. Mimi nataka kuishi."

Nikaenda nyumbani kwao Bukoto mbio. Odur nilimkuta amevaa koti la kaka yake. Akidi alikuwa ananyonyesha mtoto wa Odur.

Nilipotoa habari, Odur alipiga magoti sakafuni.

"Ndugu yangu iko hai! Mungu mukubwa! Kesho asubuhi naleta lori. Nalala wapi yeye?"

Nikamwambia kijitoni, kama Opio mwenyewe alivyonituma.

Akidi hakushangilia. Alinikazia macho.

"Shemeji, lile jeneza ulibeba wewe. Lilikuwa na uzito?"

"Nyamaza," Odur akamkata. "Mtoto analia."

Mtoto hakuwa analia.

Asubuhi, nilipomrudia kijitoni, Opio alijinyoa kwa kisu changu cha viatu. Alikuwa amevua kambare mnene kama mkono wa mtu mzima. Nikasema tumchome tule.

"Wapi! Hii ni ya Odur. Mgeni nakula kwanza."

Nikapanda hadi barabarani kulingoja lori.

Lori halikuja. Ilikuja Peugeot ya wale wa miwani myeusi, na Odur ameketi mbele, ananyoosha kidole kuelekea kijitoni.

Hapo ndipo wepesi wa lile jeneza uliponijia. Tunda bichi halibebeki vile. Lile lilikuwa limekauka miezi. Odur alilikata wakati Opio bado hajachukuliwa, wanakula sahani moja, na yeye tayari amekwisha kumwandalia maiti.

Niliita kwa sauti yangu yote. Gari lilikwisha kunipita na muungurumo wake ukaimeza.

Nikamsikia Opio, kwa furaha:

"Odur! Ndugu yangu! Kuja uone samaki!"

Risasi mbili.

Kesho yake Odur alikuja kibandani kwangu. Akaweka viatu juu ya meza. Vimejaa tope jeusi la kijito.

"Safisha."

Nikamwambia, ndugu yako amelala majini, twende tukamzike kwenu. Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mutu hazikwi mara mbili. Ndugu yangu nilishazika. Wewe mwenyewe ulibeba."

Nikavisafisha. Nani angekataa?

Opio nilimzika mwenyewe, pale kando ya jiwe letu, kwa jembe la kuazima. Akidi alikuja baadaye kupaona. Akaniambia lile tunda alikuwa amelikuta chini ya kiti cha lori tangu mvua hazijaanza, Opio akiwa bado analala kitandani mwake. Alidhani ni dawa. Alipoelewa, alikuwa tayari mke wa Odur, na wa kumshtakia ni walewale waliomchukua mumewe.

Mnataka niseme Mungu alimlipa Odur. Hakumlipa. Alinunua malori mengine, akafa mzee kitandani, wajukuu wamemzunguka.

Nilikwenda mazishini nikaomba nishike upande wa jeneza. Lilikuwa zito, lilitaka kunitegua bega.

Ndugu zangu, anayeleta jeneza kabla ya msiba, muulizeni alijuaje. Muulizeni palepale, kaburi likiwa wazi. Mkiona haya kwa sababu analia sana, mtamzika mtu aliye hai.

Jana nilipofika kijitoni nilifunga mafunjo mawili, nikazungusha kushoto. Nilipoondoka sikufungua.