Bibi Asiyeandikiwa Baba

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la fotokopi, Kensington, huku kusini mwa Afrika. Mbele yangu mzee Mzungu alikunjua kwenye kaunta karatasi ndefu ya ukoo wake, akaonyesha kwa kidole: juu kabisa askari mpanda farasi wa Ulaya ya Zama za Kati, katikati walowezi wa mwanzo wa Cape, chini yeye mwenyewe.

Mwenye duka, mama wa Bukavu, hakuvutiwa na mpanda farasi. Macho yake yalitua kwa mwanamke aliyeandikwa jina moja tu, kisha "wa Msumbiji".

"Papa, huyu baba yake nani?"

Mzee akavua miwani. "Hawakumwandika. Alikuwa mtumwa, akazaa na mlowezi. Mimi natoka kwake. Kwetu walimficha miaka yote."

"Na wewe?"

Akanyoosha mgongo. "Mimi nataka herufi zake ziwe kubwa kuliko za mwenye farasi."

Mama akazikuza mara mbili.

Mimi Mtanzania nimeulizwa mara nyingi kwenye foleni za mji huu, sisi watu wa huko juu barani tulianza kuja lini. Zamani nilibabaika. Tangu siku ile najibu kifua mbele: bibi yetu wa Msumbiji alitangulia, na wala hakuomba kuja.